Koti la Sefu

Nilikuwa nikipima kazi kwa sigara:
pindo la gauni, moja;
suruali ya shule, mbili na kipisi;
kanzu ya harusi, pakiti nzima
na kikohozi cha kumalizia.
Saa ya ukutani ilikufa zamani, sikuitengeneza.
Ya nini? Nilikuwa na majivu.

Ngamiani yote walinijua kwa harufu.
"Hii kashona Shekivuli," mtu husema hata Makorora,
"inuse."
Nami nikicheka, nikidhani nimesifiwa.

Halafu ile cheche.
Kanzu ya Mhina, mwanawe anaoa Ijumaa, na leo Jumatano.
Tundu kama punje ya ulezi, kifuani, kushoto.
Nikalifunika kwa darizi, uzi wa rangi ya maziwa,
mpaka alfajiri: ua moja,
kisha ua la pili upande wa kulia,
isijulikane kwamba la kwanza lilizaliwa na ajali.
Mhina alilipa, akaongeza elfu tano. "Ya maua haya."
Elfu tano ile sikununulia sigara.
Sijui niseme nini zaidi. Watu wanataka daktari,
wanataka picha ya pafu jeusi kule Bombo.
Mimi nilisifiwa kwa tundu, nikaona haya.

Mwanakombo hakuamini.
"Ramadhani kutwa unaweza," alisema,
"kisha adhana ya magharibi inakukuta
tende mkono huu, kiberiti mkono ule,
na tende ndiyo inayosubiri."
Kweli. Tende ilikuwa ikisubiri.

Siku ya tatu nilimfokea mwanagenzi kwa ajili ya kifungo.
Siku ya tano nilitafuna karafuu hadi ulimi ukafa ganzi.
Siku ya tisa mkono wangu, bila kuniuliza,
ulipanda mdomoni na chaki ya kuchorea kitambaa,
nikavuta.
Binti yangu Saumu aliniona na midomo myeupe,
akacheka mpaka akakaa chini.
Siku ya ishirini na sita, msibani Chumbageni,
Kupaza alinipa nusu yake, kwa huruma,
kama mtu anavyokupa maji.
Nikavuta mara tatu.
Hesabu ikarudi moja.
Sikumwambia mtu. Nawaambia nyinyi.

Kisha pua ikafunguka.
Hapo hakuna aliyenionya.
Mtaro wa nyuma ya soko. Wanga wa kitambaa kipya.
Mafuta ya cherehani, ganda la chungwa,
jasho la kila mteja na siri zake,
na nywele za Mwanakombo: udi, kuni,
na kitu cha tatu nisichokijua,
miaka ishirini na mbili ndani ya nyumba moja.
Vyote viliingia bila hodi.

Na koti.

Limetundikwa msumarini nyuma ya mlango.
Kaka yangu Sefu alilileta nibadilishe bitana,
hakurudi kulichukua.
Yeye ndiye aliyenipa ya kwanza, nyuma ya ghala la katani,
nina miaka kumi na minne,
akanipiga mgongoni nilipopaliwa:
"Polepole. Haikimbii."
Kikohozi chake kilitangulia Bombo, yeye akafuata.

Miaka saba nimeshona hatua moja kutoka koti lile,
sikuwahi kulisikia. Moshi haunusi moshi.
Sasa nimelisikia. Limejaa.
Kola, kwapa, mfuko wa ndani: Sefu mzima,
anacheka kwa upande mmoja wa mdomo
maana upande wa pili una sigara.

Mwanakombo anataka lifuliwe.
"Litakurudisha," anasema, na huenda hakosei.
Leo ni siku ya mia na nne, kwa hesabu ile ya pili.
Jioni nazima taa, naweka uso kwenye kola,
mara moja tu,
kisha nafunga kufuli.

Bitana nimeshabadilisha.
Mfukoni mlikuwa na njiti moja ya kiberiti.
Nimeirudisha palepale.